Begi Feki, Bumu la Kweli

Nimerudi chuoni wiki iliyopita kutoka TP. Nimekonda kidogo, nimeungua jua, ila nipo. Wengi mmekuwa mkiniuliza TP ilikuwaje, na mimi nawajibu "poa tu". Si kweli. Kuna jambo lilinitokea kule ambalo sijamsimulia mtu isipokuwa rumeti wangu, naye alicheka mpaka akaangukia kitandani kwa mtu mwingine. Leo nalitoa hadharani kwa sababu nimegundua si langu peke yangu. Linamhusu kila mtu hapa chuoni mwenye mkanda wa G mbili kiunoni, na kila mwenye raba zenye ile alama ya vema pembeni, vema ambayo yenyewe imeanza kubanduka. Yaani karibu wote. Naomba nisamehewe mapema.

Basi bwana, tuanze mwanzo.

Muhula uliopita bumu lilipotoka, si mnajua tena chuo kinavyokuwa bumu likitoka. Watu waliokuwa wanakula mihogo wiki mbili mfululizo wanaonekana kwenye chipsi kuku, wanacheka kwa sauti. Mimi nikamwambia rumeti, twende Kariakoo. Nilikuwa nimeshaliona begi la mdada mmoja wa kozi ya biashara, jeusi, lina duara la dhahabu linaning'inia, ndani ya duara kuna herufi M na K. Michael Kors. Nilikuwa naliota usiku. Msicheke.

Tukashuka Msimbazi, tukaingia Mtaa wa Kongo, tukapita katikati ya machinga mpaka kwenye duka moja dogo lililojaa mabegi hadi darini. Kijana wa pale akatuona tu akajua. "Karibu dada mrembo, hii ni orijino, imetoka Dubai." Akachukua begi, akatoa kiberiti cha gesi, akawasha moto chini yake sekunde mbili, akafuta kwa kidole. "Unaona? Haiungui. Ngozi hii!" Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua mambo ya ngozi. Sijui chochote kuhusu ngozi. Ngozi niliyokulia nayo ni ya ngoma tu.

Alianzia laki na ishirini. Tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita, nikarudi, tukamalizana kwa 75,000. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Kumbuka wakati huo fedha ya chakula na malazi kwa tunaopata mkopo ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo begi lile lilikula siku saba na nusu za maisha yangu. Wiki nzima na chakula cha mchana juu. Na kwa sababu lile ni la mkopo, maana yake siku nikiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wangu kila mwezi, na ndani ya hiyo asilimia 15 kuna begi. Sijui kama mmeshawahi kuliwaza hilo. Mimi sikuliwaza. Nililiwaza begi.

Je, lilikuwa orijino? Jamani. Begi la aina ile dukani kwao Marekani ni dola 200 na kitu na kuendelea, yaani nusu milioni ya kwetu na zaidi. Hakuna mfanyabiashara anayepanda ndege na begi la nusu milioni aje kukuuzia wewe kwa elfu sabini na tano kwa sababu una tabasamu zuri. Nilijua. Kila anayenunua anajua, ila anajua kwa ile sehemu ya kichwa ambayo tunaiomba inyamaze kidogo.

Sasa nataka niseme ukweli ambao wanaohubiri dhidi ya feki huwa hawausemi. Begi lilifanya kazi.

Mwaka wa kwanza nilikuja hapa na begi la mgongoni la kaka yangu, zipu imekufa, nafunga kwa pini. Mimi ni mtoto wa shule ya kata, mama yangu anauza chakula stendi. Makundi ya semina yanapoundwa unaona kabisa mtu anakuangalia kuanzia viatuni kupanda juu, halafu macho yanahama. Hakuna anayekutukana, macho yanahama tu. Basi siku ya kwanza na begi langu jipya, macho hayakuhama. Kuna mtu alinipisha kiti kwenye semina. Kuna jengo moja mjini ambalo mlinzi wake kila siku ananipekua mpaka kwenye penseli. Siku hiyo alinifungulia mlango, akasema "karibu dada". Konda wa daladala akaniita "mama la mama, sogea ndani". Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mwingine, na mtu huyo nilimpenda.

Kwa hiyo sitaki kumsikia mtu anasema vijana wanaovaa feki ni wajinga. Si wajinga. Wameshaona kwamba hapa kwetu heshima inagawiwa kwa macho, na wametafuta njia ya bei nafuu ya kuipata. Mwanafunzi wa elfu kumi kwa siku hawezi kusubiri mpaka tabia yake nzuri ifahamike. Semina ni saa moja tu.

Tatizo ni kwamba wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilikuwa nimeazima jina.

Nikaenda nalo TP. Shule yenyewe siitaji, ipo wilaya moja mkoani Morogoro, mbali na lami. Nilipangiwa kidato cha pili, Kiingereza na Kiswahili. Wanafunzi sitini na kitu kwenye darasa moja, watoto wazuri, wasikivu, wananiita Madam. Nikawa naingia darasani na begi langu, naliweka juu ya meza, lile duara la dhahabu linawaangalia.

Wiki ya pili nilikuwa nasahihisha insha. Nikawa mkali kwenye tahajia. Nilitumia kipindi kizima kuwaeleza kwamba katika neno "receive" inatangulia e ndipo inakuja i, na kwamba herufi mbili zikibadilishana nafasi tu, neno limekufa. Nikakata alama. Watatu waliokuwa wamenakiliana neno kwa neno nikawapa sifuri wote, nikawahubiria dakika kumi kuhusu kazi ya mtu na jasho la mtu. Nilijisikia mwalimu hasa.

Mkono ukanyooka mbele. Binti mmoja mdogo, mpole, anakaa dawati la kwanza kwa sababu macho yake hayaoni mbali. "Samahani Madam."

"Sema."

"Hilo jina kwenye begi limekosewa."

Nikageuka. Pale chini ya duara, kwenye kibati, palikuwa pameandikwa kwa herufi nzuri kabisa: MICHEAL KORS. Miezi mitatu nililibeba. Nimelifuta vumbi, nimelipiga picha, nimeliweka mtandaoni. Sikuwahi kulisoma. Binti akaendelea, kwa adabu zote: "Michael wetu anaanza a halafu e." Akamwonyesha kijana mmoja wa nyuma ambaye kweli anaitwa Michael. Darasa zima likamgeukia Michael, halafu likaligeukia begi. Na sauti moja kutoka kona ya dirishani, sikuijua ya nani mpaka leo, ikasema: "Kumbe na Madam anakopi!"

Nyie, acheni tu.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo sijamsimulia mtu. Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema "ni kweli, begi hili ni feki, nilipigwa Kariakoo", tukacheka wote, kipindi kikaendelea. Badala yake nikazuga. Nikakaza uso nikasema: "Ndivyo linavyoandikwa huko kwa wenyewe. Majina yana tahajia nyingi. Kaa chini." Binti akakaa chini, akainamisha kichwa. Mimi nikageukia ubao.

Nitarudi kwa Michael. Kwanza tubishane kidogo.

Niliporudi hall na kumsimulia rumeti nusu ya hadithi, akanipa utetezi ambao na nyie mtanipa, kwa hiyo niujibu kabisa. Alisema: kwani unamwonea huruma nani? Matajiri wa Marekani na Ufaransa? Wao wenyewe wezi!

Ana hoja. Juni 2024 mahakama ya Milan huko Italia iliiweka chini ya uangalizi kampuni tanzu ya Dior inayohusika na utengenezaji wa mabegi, baada ya wachunguzi kukuta wafanyakazi wakinyonywa kwenye karakana za wakandarasi wadogo. Nyaraka za kesi hiyo zilionyesha begi linalouzwa dukani kama euro 2,600 lililipiwa euro 53 tu kwa karakana iliyoliunganisha, ukiacha ngozi na vifaa vingine. Uangalizi huo uliondolewa Februari 2025, lakini hesabu zile hazifutiki kichwani. Sasa kama orijino yenyewe kazi ya mikono yake ni euro 53, hizo nyingine 2,500 na kitu unalipia nini? Ngozi, duka, matangazo na faida, sawa. Lakini sehemu kubwa unalipia jina. Rumeti akahitimisha: kama ni jina tu, mimi nimelipata kwa bei chee. Kosa langu nini?

Na wenye majina hayo wamehangaika na sisi muda mrefu. Mwaka 1896 Georges Vuitton, mtoto wa Louis Vuitton, alibuni ule mchoro wa herufi L na V pamoja na maua, na sababu mojawapo ilikuwa kuwakomesha watu waliokuwa wanaiga masanduku ya familia yake. Yaani ule mchoro ulikuwa kufuli! Leo kufuli lenyewe ndilo linaloigwa kuliko kitu chochote, mpaka kwenye kava la simu na kwenye ndala za kuogea. Ripoti ya OECD na ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya iliyotoka 2025 ilikadiria kwamba biashara ya bidhaa feki kati ya nchi na nchi ilifikia dola bilioni 467 mwaka 2021, na nguo, viatu na vitu vya ngozi ndivyo vilivyoongoza kwenye mizigo iliyokamatwa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza. Lakini nendeni Kariakoo kesho asubuhi mtaniambia.

Kwa hiyo nakubali. Simlilii Michael Kors. Mimi sikuwa mteja wake, sitakuwa mteja wake karibuni, na elfu sabini na tano yangu isingemfikia hata kama feki zisingekuwepo. Mimi kwake sikupungua wala sikuongezeka.

Swali ni hili: kama hiyo elfu sabini na tano haikutoka mfukoni kwa Mmarekani, ilitoka mfukoni kwa nani?

Nitawaambia. Kuna jamaa mmoja wa kozi yetu, wengi mnamjua kwa sura, simtaji kwa sababu hajaniruhusu. Anashona mabegi. Dada yake ana cherehani, yeye anakata na kuchora, anachanganya kitenge na turubai gumu, ndani anaweka kitambaa cha kuzuia maji na mfuko wa simu. Kwa ndani, pembeni, anashona kijipande kidogo chenye jina la mama yake. Anauza elfu arobaini. Nimeliona moja kwa mtu aliyelinunua tukiwa mwaka wa kwanza: mpaka leo linabeba vitabu na zipu inateleza kama mpya. Langu la elfu sabini na tano, kabla TP haijaisha, mkono ulikuwa unabanduka kama ganda la muhogo na dhahabu imepauka ikawa rangi ya sufuria ya jela. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa muhula uliopita huyo jamaa alipita vyumbani na mabegi yake sita. Chumbani kwetu alikuja pia. Nililishika moja, nikaliangalia, nikamwambia neno ambalo sasa hivi nikilikumbuka nasikia aibu: "Ni zuri, ila halina jina." Akacheka, akasema lina jina, angalia ndani. Nikasema si jina la hivyo. Akaondoka na sita zake. Wiki hiyohiyo nikaenda Kariakoo.

Mmeona mshindani wa begi feki ni nani? Si begi orijino la nusu milioni. Lile halipo kwenye mashindano yetu kabisa. Mshindani wake ni begi la kweli la elfu arobaini. Feki inakuja kwenye bei ya fundi wetu, ikiwa na jina ambalo fundi wetu hawezi kulipata hata akeshe miaka kumi, na inamshinda bila hata kumzidi kwa uzi mmoja. Fundi anashindana na matangazo ambayo Mmarekani amelipia, na feki inayapanda matangazo hayo bure kama mtu anayening'inia mlangoni kwa daladala bila nauli.

Na ajabu ni kwamba sisi tunaelewa vizuri sana tukitaka. Chukua jezi. Hapa hall kuna Simba na kuna Yanga, na kila msimu mpya unapofika feki zinatangulia mtaani. Mtu akionekana na jezi feki ya timu yake, wenzake wanamsema: unaihujumu timu! Fedha haiendi klabuni! Watu ambao hawajawahi kusoma sheria hata moja wanazungumza kama mawakili. Kwa sababu hapo tunamjua anayeibiwa, ni wetu. Kwenye begi hatumwoni anayeibiwa, tunadhani ni Mzungu wa mbali, kumbe ni mtu wa kozi yetu aliyekaa viti viwili nyuma yako kwenye semina na mabegi sita chini ya kitanda.

Watu wanasema Tanzania hatuna wabunifu. Tunao. Swahili Fashion Week ilianzishwa na Mustafa Hassanali tangu 2008 hapahapa Dar. Wapo wakubwa wa jukwaani na wapo wadogo wa cherehani moja. Wanachokosa ni sisi kukubali kubeba jina ambalo bado halijulikani. Jina lolote kubwa lilianza hivyo, kuna mtu alilibeba siku ambayo halikumaanisha kitu.

Haya, turudi kwa Michael.

Wiki mbili baada ya kile kipindi nilitoa jaribio. Nikakaa usiku na tochi ya simu nasahihisha, umeme hakuna. Nikafika karatasi moja, mwandiko naujua, alama nzuri tu. Nikaangalia jina juu ili nijaze kwenye orodha. Sikuliona kwenye orodha. Nikatafuta tena. Halafu nikaelewa. Kijana alikuwa ameandika MICHEAL. Jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wake, aliloliandika miaka yote tangu darasa la kwanza, amelibadilisha. Kwa sababu Madam wa Kiingereza kutoka chuo kikuu alisema ndivyo wenyewe wanavyoandika.

Nililaza kalamu chini. Nawaambia ukweli, nililia.

Kwa mtu wa nje hilo ni dogo. Kwa sisi walimu watarajiwa mnajua si dogo. Kidato cha pili wanafanya upimaji wa taifa, jina linapelekwa, linabaki. Wangapi humu mlihangaika kwenye mkopo kwa sababu cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne vinapishana herufi moja? Kiapo huku, nauli kule, siku zinakwisha. Lakini hata hilo la vyeti si ndilo lililoniliza. Kilichoniliza ni kwamba mtoto aliniamini kuliko alivyojiamini kuhusu jina lake mwenyewe. Na mimi imani hiyo niliitumia kulinda begi.

Kesho yake niliingia darasani nikaliweka begi mezani, nikawaambia. Nikasema: begi hili ni feki. Nilijua ni feki siku ninalinunua. Jina limekosewa, na aliyeniambia limekosewa alikuwa sahihi, na mimi niliwadanganya kwa sababu niliona aibu. Nikaandika MICHAEL ubaoni, kubwa. Nikamwomba yule binti wa mbele msamaha kwa kumkalisha chini. Darasa likawa kimya kabisa, ile kimya ya watoto ambao hawajui kama kucheka kunaruhusiwa. Halafu Michael mwenyewe akauliza: "Kwa hiyo Madam, na wewe unapata sifuri?" Wakacheka, nikacheka. Nikasema ndiyo, sifuri. Wale watatu wa insha wakapiga makofi kuliko wote, teh teh teh.

Sasa sijaja hapa kuwaambia mchome mikanda yenu. Sina ubavu huo, na begi lenyewe bado ninalo, nimewekea vitunguu. Ninachosema ni vitu vichache tu.

Kwanza, tukinunua feki, basi tuiite feki. Anayesema "hii feki, nimeipenda rangi" hajamdhuru mtu kama yule anayeishi kwa hofu kwamba kuna mtu ataisoma herufi kwa herufi. Hofu ile inamfanya mtu aseme uongo wa pili ili kuulinda wa kwanza. Mimi shahidi. Na wale mnaouza mtandaoni feki kwa bei ya orijino mkijua kabisa, hamuwaibii Wazungu, mnamwibia mwanafunzi mwenzenu wiki yake ya kula.

Pili, kama ni ubora unaoutaka, kuna siku nilipita kwenye mitumba ya Karume na rumeti akaokota begi la ngozi ya kweli, limetumika, halina jina la kutisha, elfu kumi na tano. Najua mitumba nayo ina lawama zake kwa mafundi wetu, hilo tutabishana siku nyingine. Lakini angalau mtumba hausemi uongo.

Tatu, kabla hujaenda Kariakoo bumu lijalo, waulize waliopo hall. Utashangaa nani anashona, nani anasuka viatu vya ngozi, nani anachora fulana. Sisi ndio tutakaosimama mbele ya madarasa ya nchi hii. Watoto hawasikii tu tunachosema, wanasoma na tulichobeba. Wanasoma vizuri kuliko sisi, tena kwa macho yasiyoona mbali.

Juzi nilimtafuta yule jamaa wa kozi yetu. Nilimwambia nataka begi moja, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya "halina jina". Akasema hakumbuki. Najua anakumbuka. Akanipa fomu, maana siku hizi ana foleni ya watu wanne. Nimewekwa wa tano. Elfu arobaini, nalipa kwa awamu mbili, na safari hii nimeusoma ule mkanda wa jina kabla sijatoa hela.

Umeandikwa sawasawa.

Naomba kuwasilisha. Wenye mawe rusheni, ila kwanza mwangalie mlichovaa miguuni.